Baada ya Mafuriko: Jinsi Eneo la Utalii Linavyorudi Kazini
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Lemara na watumishi wa utalii Arusha

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha wakazi wa Kata ya Lemara na majirani zao, wenye hoteli na nyumba za wageni, madereva waongoza watalii, wapagazi, wapishi wa safari na wauza vinyago. Kinaeleza la kufanya tangu mvua kubwa inapokatika hadi mgeni anapopokelewa tena.

Ujumbe wake ni mmoja: eneo la utalii hufunguliwa kwa mpangilio. Watu kwanza, kisha maji na umeme, kisha barabara na kipato cha wafanyakazi, ndipo wageni. Anayeanza na wageni hujikuta akiifanya kazi mara mbili.

Kimbunga kiko mbali, maji yako karibu

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la kiasi cha nyuzi 26 au zaidi, na hupungua nguvu kinapoingia nchi kavu. Pwani yetu imeshaonja: Zanzibar mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia, mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga.

Arusha iko mbali na bahari. Hatari yetu hushuka kutoka Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Miteremko yake ni ya majivu na udongo wa volkano, unaomomonyoka upesi. Maji hushuka kwa mito kama Themi na Naura, hupita katikati ya jiji lenye mabati na lami, na yanapofika upande wa kusini, Lemara ikiwemo, yamekwisha kubeba matope na taka. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku kwetu jua linawaka, na mto ukafurika vilevile.

Mvua za El Niño za 2023/24 zilitufunza kwa uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Tarehe 12 Aprili 2024, hapa hapa Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo eneo la Engosengiu, na watoto wakapoteza maisha. Mwishoni mwa mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki nchini kwa mvua hizo.

Wenzetu walifanyaje?

*Maasai Mara, Kenya.* Mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo na kuingia kwenye kambi za watalii. Watu zaidi ya 90 waliokolewa, wengine kwa helikopta. Kambi nyingi zilikuwa zimewekwa ukingoni kabisa mwa mto, kwa sababu mgeni hupenda kuamka akiutazama. Mandhari hiyo ndiyo iliyowaponza.

*Florida, Marekani.* Kimbunga Milton kilipofika Oktoba 2024, viwanja vya burudani vya Walt Disney World vilifungwa tarehe 9 kabla upepo haujafika, vikakaa kimya tarehe 10, vikafunguliwa tarehe 11. Wepesi huo una historia. Mifereji ya kutoa maji ilianza kuchimbwa tangu miaka ya 1960, kabla viwanja havijafunguliwa mwaka 1971. Na kila dhoruba inapokuja, kikosi cha wafanyakazi hubaki ndani ili ukaguzi uanze mara hali inapotulia.

Fedha za Florida hatuna. Lakini kufunga mapema, kuchimba mtaro kabla ya kujenga, na kujua nani atakagua nini ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Hatua ya 1: Watu

- Hesabu watu. Hoteli ihesabu wageni na wafanyakazi. Balozi na mwenyekiti wa mtaa wahesabu kaya. Asiyeonekana atolewe taarifa mara moja: Zimamoto na Uokoaji 114, Polisi 112.
- Usivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kubeba gari dogo. Sentimita 60 huweza kusomba hata gari kubwa la safari. Dereva anayesema "hili la four-wheel linapita" anacheza na roho za abiria.
- Waepushe watoto na makorongo. Korongo lililokauka asubuhi laweza kujaa jioni.
- Wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye ulemavu wahamishwe kwanza.

Hatua ya 2: Maji, umeme na majengo

Maji ya mafuriko si maji ya mvua tu. Yamepita vyooni, gereji na madampo. Kwa Lemara, ambako mabwawa ya majitaka ya jiji yalijengwa zamani karibu na Mto Themi, tahadhari hii ni ya lazima: usioge, usifue wala usinyweshe mifugo mtoni mpaka maafisa wa afya waruhusu.

Chemsha maji ya kunywa au tumia dawa ya kutibu maji. Lakini elewa jambo moja linalohusu Arusha: kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, ila hakuondoi floraidi, ambayo ni nyingi katika visima na chemchemi nyingi za ukanda wa Meru. Kisima kipya kilichochimbwa kwa dharura kipimwe kwanza.

Mita au swichi iliyolowa isiguswe. Subiri fundi wa TANESCO au fundi mwenye leseni. Mitungi ya gesi iliyosombwa isirudishwe jikoni kabla ya kukaguliwa. Bwawa la kuogelea lililoingiwa na maji ya nje limwagwe, lisafishwe na kutiwa dawa upya. Chakula kilichoguswa na mafuriko kitupwe, hata kama kimefungwa kwenye nailoni.

Hatua ya 3: Barabara

Barabara kuu ni za TANROADS. Za mitaa ya jiji ni za TARURA. Za ndani ya hifadhi ni za TANAPA, na za Ngorongoro ni za Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ukiona daraja limepasuka au kalavati limeziba, mwambie mtendaji wa mtaa na upige picha. Kampuni ya utalii isimpeleke mgeni kwa maneno ya kijiweni. Iulize geti la hifadhi siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kipato

Mvua za masika, Machi hadi Mei, huja wakati wageni wamepungua. Mpagazi au dereva wa kibarua hupata mafuriko mfuko ukiwa tayari mtupu. Ndiyo sababu huyu huchelewa kuinuka kuliko hoteli.

- Mwajiri awaite kwanza vibarua wake katika kazi za kusafisha na kukarabati, na awalipe.
- Wafanyakazi watenge akiba ya dharura katika VICOBA wakati wa msimu mkubwa, Juni hadi Oktoba.
- Vyeti, leseni na pasi ziwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na picha zake zihifadhiwe kwenye simu.

Hatua ya 5: Wageni

Fungua kwa awamu. Kama vyumba 10 kati ya 30 viko salama, pokea wa vyumba 10. Mgeni aliyelipia aelezwe ukweli: kipi kimeharibika, kipi kinafanya kazi, na safari yake imesogezwa hadi lini. Habari ya uongo ikigundulika humfukuza mgeni huyo na wenzake. Vilevile, mgeni ajue kuwa mafuriko ya korongo moja hayajafunga Arusha nzima.

Kabla ya masika yajayo

1. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.
2. Usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu katika eneo hilo.
3. Zibueni mitaro kabla ya Machi, na taka zisitupwe mtoni. Chupa zinazotupwa mjini huweza kuziba makalavati ya Lemara.
4. Ijue kamati ya usimamizi wa maafa ya kata yako, inayotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Uliza ni nani katibu wake na watu watakusanyika wapi.
5. Kila hoteli iandike majina: nani atazima umeme, nani atahesabu watu, nani atawapigia wageni.

Mkazi wa Lemara, mwenye hoteli, dereva, mpagazi: soma kijitabu hiki na familia yako, kisha mpelekee jirani. Katika kikao kijacho cha mtaa, ombeni ajenda ya mitaro iwe ya kwanza.