Alichokiona Bwana Afya jikoni, nasi tukione

Siku moja tulikwenda watu sita kula pilau katika mgahawa mmoja wa hapa mjini, ambao sitautaja jina. Ilikuwa saa kumi alasiri na pilau ilipikwa tangu asubuhi. Hata Isha haijaadhiniwa, wanne wetu tulikuwa tunatapika. Kesho yake nikarudi kulalamika. Mwenye mgahawa, kwa upole kabisa, akanionyesha cheti ukutani na kusema Bwana Afya alipita wiki iliyotangulia. Nikakosa la kusema.

Siwezi kuapa ni nini kilitupata, lakini nilipouliza wajuzi nilifundishwa jambo ambalo kila anayepika wali wa kuuza alijue. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na moto wa kupikia hauziui zote. Wali ukiachwa vuguvugu kwenye sufuria kwa saa nyingi, mbegu huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya! Ndiyo maana mkaguzi anayejua kazi yake hubeba kipimajoto: chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kisizidi nyuzi 5. Je, cheti kile cha ukutani kilisema nini juu ya joto la sufuria? Hakikusema kitu. Koti jeupe na sakafu iliyopigwa deki havipimi sumu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Los Angeles, Marekani, wakaguzi walikuwa wakipita miaka yote na taarifa zao kubaki ofisini, mpaka Novemba 1997 televisheni ya KCBS ilipoonyesha picha za kamera za siri kutoka majikoni. Watu walichafukwa. Kuanzia Januari 1998 kila mgahawa uliokaguliwa ukapewa alama: A kwa pointi 90 hadi 100, B kwa 80 hadi 89, C kwa 70 hadi 79, na kadi ikabandikwa mlangoni. Mwaka 2003 wachumi Ginger Jin na Phillip Leslie waliandika kuwa usafi uliongezeka na wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya chakula walipungua. Wengine mwaka 2019 wakaipinga hesabu hiyo. Sawa, wabishane. Hoja yangu mimi ni haki ya mlaji.

Waislamu tunaijua hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika lundo la chakula sokoni na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu, watu wauone. Tazama, hakuambiwa akimwage. Aliambiwa asifiche.

Watasema alama zitanunuliwa kwa rushwa. Huenda. Lakini A ya kununua ikiwa mlangoni, mpishi, mteja na jirani wote wanaiona na wanaweza kuibishia. Taarifa iliyo kabatini ataibishia nani?

Nilikwenda kuomba kuiona taarifa ya mgahawa ule. Nikaambiwa ipo, imo kwenye faili, ila si ya kuonyeshwa watu.