Yasmin Umemhukumu Mapema

“Dada, mimi ni msichana wa Magoma, huku Korogwe. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Asubuhi niko shambani na mama, jioni nasoma riwaya. Vuta n'kuvute tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, sasa nairudia kwa raha zangu na ninajishangaa. Mara ya kwanza nilimchukia Yasmin, leo namtetea. Denge niliyempenda ananiudhi. Rosa Mistika niliianza nikimcheka Rosa, nikaimaliza nikilia, na mama ameichukua kaificha kabatini, anasema itaniharibu. Kusadikika ilinipa usingizi. Nagona ndiyo imenishinda kabisa. Rafiki yangu ananiita kigeugeu, maana kila tukizungumza juu ya kitabu nina maoni mapya. Ni kweli sina msimamo? Na kitabu kikinishinda, nikiache?”

Mdogo wangu, kaa vizuri, maana leo tuna mengi, na ninyi wengine mnaosoma kwa kujificha jikoni sogeeni pia.

Nianze na hilo linalokuuma. Msimamo unao. Mwenye kubadili kauli kila anapokutana na mtu mpya, huyo ndiye wa kumwogopa. Wewe umebadilika kwa sababu umesoma mbele zaidi, au umesoma kurasa zile zile ukiwa umekua kidogo. Mtu anayefunga riwaya nzito akiwa na maoni yale yale aliyoanza nayo, ama kitabu hakikuwa na kitu, ama yeye alikuwa anahesabu kurasa. Ninachokuomba ni kimoja tu: hukumu yako icheleweshe. Hasira usiizuie, huruma usiizuie, hata miayo usiizuie. Hukumu ndiyo isubiri.

Shida ni kwamba shule ilitufundisha kinyume chake. Mwanafunzi anapewa Vuta n'kuvute, na kabla hajamjua Yasmin ameshaandikiwa ubaoni: dhamira, wahusika, sifa za mhusika. Anakariri kwamba Yasmin ni jasiri, Denge ni mwanamapinduzi, Raza ni mwakilishi wa ndoa za kulazimishwa. Mtihani unataka jibu saa ile ile, na mwalimu ana mtaala wa kumaliza, wala simlaumu. Lakini riwaya haikuandikwa kwa ajili ya ubao. Adam Shafi aliitoa mwaka 1999 ili mtu aishi na Yasmin polepole, amkasirikie, amwonee huruma, amkasirikie tena.

Sasa tumtazame huyo Yasmin wako. Ulimchukia kwa nini? Nadhani ni kwa sababu ile inayowakera wasomaji wengi mwanzoni: ameolewa na Raza, mwanamume mwenye duka, anakula, anavaa, halafu anatoroka. Kwetu Tanga hilo tungelisema hadi msibani. Ila rudi kwenye kurasa za mwanzo uangalie umri. Binti wa miaka 15 kaozeshwa mtu wa rika la wazee. Uliposoma shuleni ulikuwa karibu na umri wake, na pengine ndiyo maana hukuliona; sasa umempita, unamtazama kama mdogo wako. Kitabu hakikubadilika hata nukta.

Na usidhani hayo ni ya Unguja ya zamani, enzi za mkoloni. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi. Ilibidi mwanamke kijana, Rebeca Gyumi, aende mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Ukishajua hivyo, msome tena Yasmin anavyofungasha virago, uniambie kama bado unaona ni utovu wa adabu.

Kisha mwangalie Mwajuma. Nina hakika mara ya kwanza ulimpita haraka, ukamweka kwenye kundi la wanawake wa starehe wanaoharibu watoto wa watu. Ndivyo mitaa inavyowasema wanawake kama yeye. Lakini jamaa wa Yasmin walipomfungia mlango, ni nani aliyemfungulia? Ni huyo huyo wa mtaa wa Ng'ambo, mwenye chumba chake na maneno yake. Hapa ndipo riwaya nzuri inapotukamata: tunamtafuta mwema kwenye nyumba ya heshima, naye anatokea mlango wa pili. Msomaji asiyecheleweshea watu hukumu humkosa Mwajuma.

Kuhusu Denge kukuudhi, mdogo wangu, uko sawa. Yasmin anataka mpenzi, Denge yuko kwenye mikutano na karatasi za siri, polisi wako nyuma yake. Ukiwa kidato cha tano unaona huo ni ushujaa mtupu. Ukishapata akili ya mapenzi unaanza kuuliza: na huyu msichana anayengoja je? Usifute swali hilo kwa sababu mwalimu aliandika kuwa Denge ni shujaa. Anaweza kuwa shujaa na bado akamwacha mtu akingoja. Ila nikuongezee jambo moja: Adam Shafi mwenyewe alifungwa baada ya Rais Karume kuuawa Aprili 1972, na Haini, riwaya yake ya mwaka 2003, ilitokana na yale aliyoyapitia. Anapomweka Denge mikononi mwa askari, anaandika mtu anayejua mlango wa jela unavyofungwa. Mimi nilipolijua hilo Denge alinipungukia kero, ingawa haikuisha yote. Ya kwako iache ifike inapofika.

Sasa tuje kwa Rosa, na kwa mama.

Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alikuwa na umri wa miaka 27 hivi Rosa Mistika ilipochapishwa mwaka 1971. Ilipotoka ilizuiwa mashuleni. Kwa hiyo mama yako si wa kwanza kuificha, mwambie ana wenzake serikalini. Tucheke kidogo, kisha tuseme ukweli: mama haogopi kitabu, anaogopa yale aliyoyaona kwa mabinti wa mtaani. Usigombane naye. Mwombe mkisome pamoja, na muanzie kwa baba.

Kwa nini kwa baba? Kwa sababu wewe ulianza kwa kumcheka Rosa, kama wengi. Anakwenda shule, anaonja uhuru, anapotea, na msomaji anasema “si alijitakia.” Halafu mahali fulani unajikuta unamkumbuka Zakaria, yule baba mlevi aliyempiga binti kwa sababu ya barua tu ya mvulana. Msichana hakuruhusiwa hata kuzungumza na mwanamume, wala hakuna aliyemfundisha kuzungumza naye. Siku alipotoka nje ya boma alikuwa hana silaha yoyote. Kicheko chako kiligeuka machozi pale ulipounganisha ile fimbo ya baba na kifo cha Rosa. Msomee mama hizo kurasa za Zakaria kwa sauti. Nadhani atanyamaza kwanza, kisha atakutajia Zakaria wawili watatu wa hapo hapo Magoma.

Na hapa nawaambia wote. Rosa Mistika na Kichwamaji, ya mwaka 1974, zinaishia gizani, watu wanajitoa roho. Kama uko katika kipindi kigumu na kitabu kinakuzidishia uzito, kifunge. Mtafute dada, shangazi, mwalimu au mtu wa afya, useme unavyojisikia. Kitabu kitakungoja, hakina miguu.

Kuhusu Kusadikika na usingizi. Najua kilichokuchosha: Karama yuko kizimbani, na anawasimulia wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anatumwa nchi ya jirani, anarudi na jambo jema, anaadhibiwa. Ukifika kwa wa tatu unasema “nimeshaelewa, Sheikh Shaaban, endelea.” Ila jiulize kitabu kilitoka lini. Mwaka 1951, Mwingereza yuko madarakani, na Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani karibu na Machui, hapo hapo Tanga yetu, ni karani wa serikali hiyo hiyo. Asingeweza kuandika waziwazi kwamba nchi inawatesa wanaoitakia mema. Akaining'iniza nchi yake angani, akarudia kisa mara sita mpaka msomaji achoke na dhuluma. Ule uchovu wako ndio alioutaka. Mjumbe wa kwanza akiadhibiwa unaweza kusema ni bahati mbaya. Wa sita akiadhibiwa unajua ndiyo serikali yenyewe ilivyo.

Lakini sitaki mfikiri kwamba kila maoni lazima yaishie kwenye kusifu. Yanaweza kwenda upande wa pili pia. Mfano ni Utubora Mkulima, wa Shaaban Robert huyo huyo. Mtu anaacha ukarani anakwenda kushika jembe, na ukisoma unaona shamba ni utulivu na maadili. Msomaji wa mjini anapenda mpaka mwisho. Wewe wa Magoma, unayejua kupalilia jua likiwa limekushika utosini na bei ya mahindi ikiwa imeanguka, una haki ya kuinua nyusi. Andika hivyo. Mwandishi kuwa mkubwa hakumzuii msomaji kumwambia “hapa babu umetupamba.”

Hilo linanileta kwenye kitabu ambacho hukukitaja nami nataka ukitafute: Kuli, ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Ni habari za wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Utasema bandari inakuhusu nini, wewe wa bonde la Lwengera. Inakuhusu sana. Toka Korogwe mpaka huko kwenu umezungukwa na historia ya mkonge, na wazee wengi wa mkoa huu ni wajukuu wa manamba, watu walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge kwa mkataba, wakalala makambini, wakaamka alfajiri kwenda kutimiza idadi. Soma namna kuli anavyohesabiwa kama mzigo, kisha nenda kamuulize babu au bibi wa jirani kazi ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilikuwaje. Ukirudi kwenye kitabu utakisoma kwa sauti ya yule mzee. Hakuna mwongozo wa mtihani utakaokupa hilo.

Nagona sasa. Kiache, na usione haya. Kezilahabi alikitoa mwaka 1990, na Mzingile ikafuata mwaka 1991, baada ya kuandika riwaya nne za kawaida. Ni chembamba, lakini hakifuati njia ya hadithi tuliyoizoea. Kinakwenda kama ndoto yenye falsafa ndani yake. Wewe umeruka kutoka Rosa Mistika moja kwa moja mpaka huko. Rudi upitie Kichwamaji kama moyo wako umetulia, Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, kisha Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, ambayo ina habari za watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Bibi yako anaweza kukusimulia upande wake wa jambo hilo. Baada ya hapo jaribu tena Nagona. Ikikushinda mara ya pili, kuna watu wenye shahada imewashinda pia, ila wao hawaandikii kona hii.

La kufanya ni hili. Chukua daftari la kawaida, la shule linatosha. Kila ukiweka kitabu chini, andika tarehe, ukurasa ulipofikia, na sentensi mbili tu: nani nimemkasirikia leo, na kwa nini. Usiandike dhamira, usiandike fani. Ukimaliza kitabu usifute ya mwanzo hata kama yanakuaibisha. Yasome yote kwa mpangilio. Utaona ni wapi moyo wako uligeuka, na ukirudi kwenye ukurasa ule utakuta mwandishi alifanya jambo hapo: alimpa mtu sauti, alifunua siri, au alinyamaza. Huo ndio uhakiki, na umeufanya mwenyewe bila kukariri. Kama umebahatika kuona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na Vuta n'kuvute, andika pia Yasmin wa kwenye skrini amekusogeza upande gani.

Vitabu ukivikosa, ukienda Tanga mjini pitia Maktaba ya Mkoa. Na kile unachoazimwa, mdogo wangu, kirudishe. Vijijini kitabu kimoja kinasubiriwa na watu wengi.

Yule rafiki yako anayekuita kigeugeu, usimnunie. Muulize tu yeye Vuta n'kuvute aliisoma mpaka ukurasa upi. Kama aliishia kwenye muhtasari wa mtihani, mpe kitabu, na ugomvi muahirishe mpaka amalize.

Haya, nangoja barua ya Kuli.

Dada yenu.