Karavani iliyotumika: Mnunuzi huanza na uzito, maji na karatasi

Katika soko la vitu vilivyotumika, ni bidhaa chache zinazompa mnunuzi mashaka kama karavani, yaani ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo familia za Uingereza huifunga nyuma ya gari dogo na kuikokota hadi ufukweni au milimani wakati wa likizo. Haina injini. Haina kadi ya serikali kama gari. Sheria ya nchi hiyo haiilazimishi kukaguliwa kila mwaka kama magari yanavyokaguliwa, na namba inayobandikwa nyuma yake ni ya gari linaloikokota. Pamoja na hayo, karavani mpya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, na iliyotumika miaka michache bado hudai maelfu. Kwa familia nyingi hiyo ni akiba ya miaka.

Soko hili linafaa kutazamwa na kila anayeuza au kununua mali iliyopita mikononi mwa mwingine. Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika na kueleza jambo ambalo wafanyabiashara walikuwa wakilijua bila kulipa jina: muuzaji anaijua mali yake, mnunuzi haijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha nzuri na mbovu, hukataa kutoa bei ya nzuri. Mwenye mali nzuri akiona hivyo huondoka sokoni, na zinazobaki ni mbovu. Kwa kazi hiyo Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Muuza mitumba anayenunua balo lililofungwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Tofauti ni kwamba balo hufunguliwa siku hiyo hiyo na hasara ikajulikana. Karavani inaweza kuficha ubovu wake kwa miaka mitatu.

Uzito kwanza

Mgeni wa soko huingia ndani moja kwa moja, akakaa kwenye kochi na kufungua kabati za jiko. Mzoefu hubaki nje, akitafuta kibandiko chenye namba mbili. Ya kwanza ni uzito wa karavani ilipotoka kiwandani. Ya pili ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa barabarani ikiwa imepakiwa. Tofauti ya namba hizo ndiyo mizigo ambayo familia inaweza kubeba, na mara nyingi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Chukua mfano wa karavani iliyotoka kiwandani na kilo 1,150, yenye kikomo cha kilo 1,300. Zimebaki kilo 150. Betri kubwa inaweza kula kilo 25, hema la kuunganisha ubavuni kilo 25 nyingine, na ile mota ndogo ya kuisogeza karavani uwanjani bila gari kilo 30 au zaidi. Kabla ya nguo, vyakula, viti vya kukunja na baiskeli za watoto, zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha. Muuzaji anayejisifu kwamba ameongeza vifaa vingi anaweza kuwa anamweleza mnunuzi, bila kukusudia, kwamba hakuna uzito uliobaki.

Namba hiyo ya juu hulinganishwa na uzito wa gari. Ushauri uliozoeleka Uingereza kwa dereva asiye na uzoefu ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu. Gari la kilo 1,500 linaweza basi kukokota kilo 1,275, na ile karavani ya mfano wetu imepitiliza kidogo. Huo ni ushauri, si sheria, lakini una sababu. Karavani nzito iliyopakiwa vibaya, hasa mizigo ikilundikwa nyuma, huanza kuchezacheza kama mkia wa mjusi kwenye mteremko, na ikizidi huweza kuligeuza gari lenyewe. Kikomo ambacho ni cha lazima ni kile alichoweka mtengenezaji wa gari, na mnunuzi mwangalifu hukisoma kabla ya kupiga simu kwa muuzaji. Kuna magari ya umeme ambayo hayakuidhinishwa kukokota chochote, na yaliyoidhinishwa huweza kupoteza hata nusu ya umbali yanaoweza kwenda kwa chaji moja.

Leseni nayo ilikuwa sehemu ya hesabu hii. Waliofaulu mtihani wa udereva kuanzia Januari 1, 1997 walitakiwa kufanya mtihani wa ziada ikiwa gari na karavani kwa pamoja vingezidi kilo 3,500. Desemba 16, 2021 sharti hilo liliondolewa katika England, Scotland na Wales, ili nafasi za watahini ziende kwa madereva wa malori waliokuwa haba. Kwa siku moja, kundi zima la wateja wa umri mdogo likaruhusiwa kuitazama karavani ambayo jana yake haikuwa yao. Mfanyabiashara anayefuatilia bei za bidhaa tu, bila kufuatilia tangazo la serikali kuhusu leseni, asingejua wateja hao wametoka wapi.

Maji ndiyo adui

Lakini kinachoua thamani ya karavani ni maji. Kwa miongo mingi zimejengwa kwa fremu ya mbao, bati jembamba la alumini nje, plaiwudi iliyopambwa ndani, na povu la kuzuia baridi katikati. Kuta na paa hukutana kwenye viungo vilivyozibwa kwa gundi. Gundi hukauka, hupasuka kwa jua na mtikisiko wa barabara, na maji hupenya tone kwa tone kupitia kona, fremu za madirisha, matundu ya hewa ya paa na reli ya kushikia hema. Nje bati linang'aa. Ndani mapambo yanapendeza. Katikati mbao zinaoza.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya Uingereza, kama Bailey wa Bristol, vilianza kupunguza mbao na kutumia alumini, plastiki na kuta zilizogandishwa kama mkate wenye siagi katikati. Hatari imepungua, haijaondoka. Maji yakipata tundu huingia popote.

Mnunuzi anayejua kazi yake huanza kwa pua. Harufu ya uvundo ni dalili, na harufu kali ya manukato yaliyopulizwa asubuhi hiyo ni dalili pia. Hubonyeza ukuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha na kwenye kona zote, hasa ndani ya makabati ambako mwenye mali hakutarajia mtu ainame. Ukuta mzima hurudisha nguvu, uliooza hubonyea. Hutembea taratibu kuanzia mlangoni hadi mbele ya jiko akisikiliza sakafu inayolia au kudidimia. Madoa meusi yaliyosambaa hayahitaji maelezo, na kipande kimoja cha ukuta chenye mapambo mapya kuliko mengine kinahitaji maelezo mengi.

Baada ya hapo huja kipima unyevu. Kwa kawaida kipimo cha chini ya asilimia 15 hakitishi. Kati ya 15 na 20 mahali hapo panafaa kupimwa tena baada ya muda. Zaidi ya 20 fundi anahitajika, na kinapopita 30 huenda mbao zimeshaharibika. Kufungua ukuta, kubadilisha mbao na kurudisha mapambo ni kazi ya siku nyingi inayoweza kugharimu maelfu ya pauni, na kwa karavani ya zamani bili hiyo inaweza kuzidi bei ya karavani yenyewe. Anayeiuza hapo hauzi nyumba ya likizo. Anauza chesisi na magurudumu.

Hapa ndipo ile hoja ya Akerlof inapopata jibu. Muuzaji mwenye karavani kavu hufaidika kwa kumlipa fundi wa nje aipime na kuandika namba za kila kona katika ripoti yenye tarehe. Ripoti za miaka mitano mfululizo zina thamani kuliko rangi mpya. Waranti za viwandani dhidi ya maji huzidi kusisitiza jambo hilo: hudumu miaka kadhaa, lakini hufa ikiwa mwenye mali aliruka ukaguzi wa mwaka mmoja. Mnunuzi akikuta kitabu cha huduma kina pengo, ana haki ya kushusha bei kana kwamba waranti haipo, kwa sababu huenda haipo.

Karatasi na tairi

Tangu mwaka 1992 watengenezaji wa Uingereza wameandikisha karavani zao katika daftari linaloitwa CRiS, kila moja ikiwa na namba ya tarakimu na herufi 17 iliyochongwa kwenye chesisi na kwenye vioo. Namba za vioo zisipofanana na za karatasi, au zikiwa zimekwanguliwa, mazungumzo yanaishia hapo. Hata zikifanana, karatasi ya CRiS huonyesha mtunzaji aliyeandikishwa. Si hati ya umiliki. Kwa hiyo mnunuzi huomba pia risiti ya ununuzi wa awali, hukagua kama kuna mkopo ambao haujalipwa, na huenda kuitazama karavani nyumbani kwa muuzaji. Anayetaka kukutana kwenye maegesho ya hoteli ana lake.

Tairi huwadanganya wengi kwa sababu karavani husimama muda mrefu na kashata za tairi hubaki nzito. Kinachotazamwa ni umri. Tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2319, zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha baada ya miaka mitano na kutopita saba, hata kama tairi inaonekana mpya.

Mpangilio wa ndani, ambao hujaza kurasa za matangazo, humalizika haraka: wazee wawili hutaka kitanda kisichokunjwa kila asubuhi, wenye watoto hutaka vitanda vya ghorofa, na karibu wote siku hizi hutaka bafu la kutosha kugeuka. Alale, akae, ajifanye anapika. Dakika 20 zinatosha.

Bei na majira

Kwa wakala bei huwa juu kuliko kwa mtu binafsi, lakini sheria ya walaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kuirudisha bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zake zote. Kwa mtu binafsi haki hiyo haipo, na tofauti ya bei ndiyo malipo ya kubeba hatari hiyo.

Mahitaji hupanda kuelekea Pasaka, kila mtu anapokumbuka likizo. Kuanzia Oktoba wamiliki huanza kuhesabu gharama za maegesho na bima ya miezi ambayo karavani itasimama bure. Anayenunua Novemba hukuta karavani chache za kuchagua, lakini hukutana na muuzaji aliye tayari kuzungumza, na mvua ya wiki nzima imeshamfanyia nusu ya ukaguzi wa paa.