Somo la Mlinzi: Boma la Kalenga, 1894

Watu wengi wakisikia neno ushujaa humfikiri mtu aliyeshinda. Lakini vipo vita ambavyo shujaa wake alishindwa, na ushujaa wake haukupungua kwa hayo. Mwezi huu tujifunze habari ya watu waliolinda boma la Kalenga, katika nchi ya Uhehe, nasi tuulize: Mlinzi afanya kazi gani, ikiwa boma lenyewe litaanguka?

1. Boma na adui zake

Kalenga ni mahali karibu na mto wa Ruaha Mdogo, upande wa magharibi wa mji wa Iringa wa leo. Hapo Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alijenga mji wake, akauzungushia ukuta mkubwa wa mawe na udongo, uliopita kimo cha mtu. Boma hilo liliitwa Lipuli.

Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwavizia Wadachi mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya Iringa. Jemadari wao, Emil von Zelewski, aliuawa pamoja na Wazungu wengine, na askari na wapagazi kwa mamia. Wahehe wakachukua bunduki nyingi. Silaha yao kubwa siku ile ilikuwa mkuki, na werevu wao ulikuwa kumngojea adui porini, kisha kumwangukia ghafula kabla hajapata nafasi ya kupiga bunduki yake.

Wadachi hawakuyasahau hayo. Mwaka 1894 Gavana Friedrich von Schele mwenyewe alipanda na jeshi lake toka pwani, pamoja na mizinga. Tena tusisahau ya kuwa wengi katika jeshi lile walikuwa Waafrika: Wasudani, na watu wengine waliotwaliwa mbali. Basi siku ile mtu mweusi alisimama pande zote mbili za ukuta, na mashujaa walikuwako pande zote mbili.

2. Siku ya vita

Mizinga ikaupiga mji. Wazee husimulia ya kuwa jina la Tosamaganga, kilima kilicho karibu, maana yake ni kutupa mawe, nalo lilitokana na makombora yaliyorushwa siku zile. Tarehe 30 Oktoba 1894 askari wa Wadachi wakaupanda ukuta, wakaingia.

Hapa ndipo penye somo letu. Ukuta ulipokwisha kuingiwa, mtu angeweza kusema, "Kazi imekwisha, kila mtu na aokoe roho yake." Walakini vita havikwisha ukutani. Wahehe walipigana ndani ya mji, nyumba kwa nyumba, kwa muda wa saa kadha wa kadha, na wengi wakafa humo. Huhadithiwa ya kuwa Mkwawa mwenyewe alitaka kufia ndani ya boma lake, ila watu wake wakamsihi atoke. Akatoka, naye hakushikwa.

Majina ya wengi waliopigana katika nyumba zile hayakuandikwa katika vitabu. Lakini kazi yao yaonekana. Wadachi walipata boma, hawakumpata mwenye boma. Wala vita vya Uhehe havikwisha siku ile, bali viliendelea karibu miaka minne.

Basi jibu la swali letu ni hili: mlinzi huwapa wengine muda. Saa moja aliyosimama yeye ni saa moja ya mwenzake kuvuka mto, na ya mama kumtoa mtoto wake. Wahenga walisema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Aliye na moyo hata ukuta ukianguka ni mlinzi, asiye na moyo, hata akijengewa ukuta wa mawe hafai kitu.

3. Kwa nini boma lilianguka

Haifai kusifu ushujaa na kunyamaza juu ya makosa. Kwanza, Wahehe walioshinda porini huko Lugalo walijifungia ndani ya ukuta mbele ya mizinga. Mkuki ni silaha ya karibu. Haumfikii apigaye toka kilimani. Walimwachia adui achague namna ya vita.

Pili, Uhehe ulikuwa na uadui na majirani. Zamani Wahehe walimfukuza Merere, mkuu wa Wasangu, katika nchi yake ya Usangu. Akakimbilia kwa Wasafwa, akajenga boma lake la mawe huko Utengule, karibu na mlima wa Mbeya. Merere naye alijua maana ya kulinda boma. Alikuwa mtu ambaye angaliweza kuwa mwenzi wa Kalenga. Lakini kwa sababu ya damu iliyomwagika kati yao, alifanya urafiki na Wadachi, nao baadaye wakawarudisha Wasangu katika nchi yao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Boma la Iringa na boma la Mbeya yangalisimama pamoja, labda habari ingalikuwa nyingine.

4. Gharama ya kusimama

Tena tusidhani ya kuwa waliolipa ni wapiganaji tu. Mwaka 1896 Tom Prince alijenga kituo cha Wadachi huko Iringa. Mwezi wa Desemba mwaka huo Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliwekwa kuwa mkuu mahali pake. Mwezi wa Februari 1897 akanyongwa, maana alishukiwa kumsaidia ndugu yake kwa siri. Chakula cha raia kilitwaliwa, nyumba zikachomwa, ili Mkwawa asipate pa kujificha. Tena rupia 5,000 zikaahidiwa kwa atakayeleta kichwa chake. Katika nchi yenye njaa mali hiyo ilikuwa kubwa mno, hata hivyo kwa muda mrefu watu walimficha na kumlisha. Yule mwanamke aliyepeleka unga porini usiku, naye alikuwa mlinzi wa boma, ingawa boma lenyewe lilikuwa limekwisha kubomolewa.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alipoona ya kuwa amekaribiwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Udachi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe. Walakini kilirudi tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining, kikapokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Kimewekwa Kalenga, katika nyumba ya makumbusho.

Je, ilifaa kulipa gharama kubwa namna hii? Mtu aliyeshiba asiwe mwepesi kuwajibia waliokuwa na njaa. Lakini twaweza kusema neno moja kwa yakini: wale wa Kalenga hawakuchagua kama vita vije au visije, walichagua tu watasimama wapi vitakapokuja. Nawe, msomaji, huenda hutapewa kamwe ukuta wa kulinda kwa mkuki. Utapewa mgonjwa wa kukesha naye, au yatima wa kutunza, au neno la kweli la kusimamia wakati wengine wamekwisha kuondoka. Hapo ndipo boma lako.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Wahehe walishinda Lugalo, wakashindwa Kalenga?
2. Uadui wa Mkwawa na Merere ulimfaidia nani?
3. Nani walilinda boma baada ya ukuta kuanguka, na kwa njia gani?
4. Katika nyumba yako au kijiji chako, ni nani anayehitaji mtu wa kumpa muda?