Maji Kichwani: Baada ya Upasuaji Tuangalie Nini?

Huku kwetu Meru na Embu kichwa cha mtoto kikianza kufura, maneno hufika kabla ya matibabu. Mara ni laana, mara mama alikula kitu. Hayo tuyaache, tujifunze vyumba vya ubongo.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji safi. Kwa mtu mzima hutengenezwa karibu nusu lita kila siku, kisha yakanyonywa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, ni kama mfereji wa shamba: maji yanarudi nyuma, vyumba vinapanuka na ubongo unabanwa. Kule Mbale, Uganda, Dk. Benjamin Warf, aliyefika mwaka 2000, alikuta zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu walipata shida hii baada ya maambukizi wakiwa wachanga. Laana iko wapi hapo?

Daktari huweka mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, au hutoboa tundu katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine.

Sasa, mtoto akirudi nyumbani wazazi hungoja kichwa kiwe kidogo. Hapo tunakosea. Vyumba hupungua polepole, na hasa baada ya kutobolewa tundu vinaweza kubaki vikubwa ingawa mtoto hajambo. Cha kuangalia ni kama kichwa kinaendelea kukua mbio.

Tena tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Matokeo ya watoto 100 wa Mbale, yaliyotolewa mwaka 2017, yalionyesha njia hizo mbili zinakaribiana; lakini kwa watoto kama 3 katika kila 10 matibabu yalishindwa ndani ya mwaka mmoja.

Basi chukueni tepu ya fundi wa nguo. Kila wiki pimeni juu ya nyusi, mkizungusha mpaka kisogoni, mwandike kwenye kitabu cha kliniki. Mtoto mzima wa miezi mitatu ya kwanza huongeza kama sentimita 2 kwa mwezi. Utosi ukivimba, akitapika, akisinzia ovyo, macho yakielekea chini, au mwenye mrija akipata homa, msingoje kliniki ijayo. Ni siku hiyo hiyo. Kutoka Tharaka mpaka Kijabe si karibu, kwa hiyo nauli iwekwe kando mapema, hata kama mtoto anacheza.