Fundisho la jamaa: Bustani nyuma ya nyumba na feza ya jikoni



Fundisho letu la leo linagusa sufuria. Inchi yetu ina rutuba. Maharagi, viazi na mboga za Lubero zinapakiwa katika magari kwenda mbali, hata Kisangani. Lakini sisi mashemasi tunapotembelea nyumba, tunakuta watoto wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba. Namna gani njaa inaweza kukaa ndani ya gala? Tutafute sababu, kisha tutafute dawa.

1. BWAKI SI ULOZI

Mutoto mwenye bwaki anajulikana. Nywele zinageuka rangi na kunyonyoka, ngozi inababuka, uso na miguu vinavimba, hataki kucheza wala kula. Kwa sababu ya kuvimba, muzazi anazania mutoto amenenepa. Wengine wanasema jirani amemuloga, wanamuleta kwa maombi tu, siku baada ya siku, mpaka anakufa.

Tuombe, ndiyo. Lakini tuombe tukiwa njiani kwenda kituo cha afya. Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba na uhesabu polepole moja mpaka tatu. Kama shimo linabaki pande zote mbili, usingoje kesho. Vilevile mutoto wa miezi 6 mpaka 59, ambaye mukono wake wa juu ukipimwa kwa utepe uko chini ya milimita 115, yuko katika hatari kubwa. Mutu anayemuzuia mama kwenda kituo, akimuambia kwamba imani yake ni ndogo, anajibebesha muzigo muzito mbele ya Mungu.

Mara nyingi bwaki inaingia wakati mutoto anapoachishwa ziwa. Anapewa bugali wa muhogo na muchuzi, basi. Kuhara na surua vinamalizia kazi. Muhogo unajaza tumbo, lakini peke yake haujengi mwili.

2. SUFURIA YENYE MAFUNGU MATATU

Chakula cha siku kiwe na mafungu matatu: cha kutia nguvu (muhogo, mahindi, ndizi, viazi, mafuta), cha kujenga mwili (maharagi, soja, karanga, ndagala, yai, nyama), na cha kulinda mwili (mboga na matunda). Jamaa nyingi zina fungu la kwanza kila siku, na mengine mawili siku ya sikukuu tu.

Kujenga mwili si lazima kununua nyama ya ng'ombe. Maharagi pamoja na mahindi yanasaidiana: kilichopungua kwa moja kinapatikana kwa lingine. Soja ipikwe vizuri, isiliwe mbichi. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu. Mafuta ya mawese yana rangi nyekundu inayosaidia macho ya watoto. Usiyachome mpaka yakawa meupe, maana faida hiyo inapotea. Baada ya maharagi na mboga, kula pera au ndimu, na chai ikunywewe saa ingine, maana chai inazuia damu kupata faida ya mboga. Chumvi iwe yenye yodi.

Mutoto anyonye ziwa tu mpaka miezi 6. Kisha apewe uji wenye unga wa soja au karanga zilizotwangwa, na aendelee kunyonya. Na tuseme wazi: katika nyumba nyingi baba anapewa samaki, watoto wanaramba muchuzi. Ndagala zikiwa chache, mutoto mudogo na mama mwenye mimba au anayenyonyesha watangulie.

3. HESABU YA JUMA

Feza kidogo inataka hesabu kuliko feza nyingi. Chukua kayee ya mutoto iliyobaki kurasa. Jumamosi jioni, baba na mama wakae pamoja, waandike yaliyoingia na yaliyotoka. Kwanza chakula, chumvi na sabuni. Pili nyumba, dawa na minervali. Tatu deni na likelemba. Vingine vyote vingoje.

Tuchukue mufano. Tuseme jamaa inanunua mboga ya franka 1.500 kwa siku, siku 6. Hiyo ni franka 9.000 kwa juma, na 36.000 kwa majuma 4. Bustani ikitoa mboga siku 4 kati ya zile 6, franka 6.000 zinabaki kila juma, yaani 24.000 kwa majuma 4. Ondoa kwanza feza ya mbegu. Sasa ulizo: zinazobaki zinakwenda wapi? Kama hazikuandikwa, zitageuka kasiksi na unite za simu, na mutoto hataona faida ya bustani. Kama zimeandikwa, zitageuka maharagi, mawese na ndagala, vitu ambavyo bustani ndogo haiwezi kutoa.

4. BUSTANI YA PASELI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka wa 1993, wakati zaire mpya moja ilipochukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Feza iliyofichwa chini ya kitanda ilikufa, lakini aliyekuwa na shamba alikula. Leo tuna taabu ingine. Tangu mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014, jamaa nyingi zimekimbia mashamba yao, na wengine waliouawa walikutwa shambani. Kipande kilicho nyuma ya nyumba hakiwezi kuchukua nafasi ya shamba zima, lakini mama anakifikia bila kuhatarisha maisha.

Asiye na nafasi achukue gunia. Weka mawe madogo katikati, toka chini mpaka juu, ili maji yapite. Kandokando weka udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza. Toboa matundu pembeni na upande humo lengalenga au vitunguu. Simbilisi, wale tunaowaita kobayi, wanakula majani na maganda, wanatoa mbolea na nyama. Wafungiwe mahali pao, wasilale jikoni penye moshi na chakula. Mbolea mbichi isiwekwe juu ya mboga, ioze kwanza.

Butembo ni juu na kuna baridi: shu, karoti na poaro vinakubali. Beni kuna joto zaidi: lengalenga, matembele na gombo vinakubali sana. Lengalenga inaanza kuvunwa baada ya majuma 3 au 4. Shu inataka miezi mitatu hivi. Kwa hiyo usipande yote siku moja. Panda sehemu kidogo kila juma la pili, ili sufuria isikose. Na kabla ya kiangazi cha Januari na Februari, na kile cha Juni na Julai, fikiri maji yatatoka wapi.

5. USIUZE SEHEMU YA MUTOTO

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mama anavuna mboga nzuri na mayai, anayapeleka yote soko, anarudi na mukate mweupe na sukari. Ameuza kinachojenga, amenunua kinachojaza. Kuuza si vibaya. Lakini sehemu ya jikoni itoke kwanza, kisha ziada iende soko, na feza yake iandikwe katika kayee. Bustani, kayee na sufuria ni mafiga matatu. Ukiondoa moja, chakula kinamwagika.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Juma lililopita, ni siku ngapi watoto wetu walikula chakula cha mafungu yote matatu?
2. Tulitumia feza ngapi kwa mboga? Na kwa vitu visivyo vya lazima?
3. Ni sehemu gani ya paseli yetu, au gunia gani, inaweza kupandwa juma hili?
4. Kati ya majirani, ni mutoto gani mwenye miguu kuvimba ambaye hajapelekwa kituo? Nani atamusindikiza mama yake kesho asubui?

Tusiishie kusoma. Juma lijalo mashemasi watapita, na watauliza kwanza juu ya ulizo la 4.