Miaka Saba au Sabini: Vidokezo vya Kuanza Baleti Ukingoni mwa Ziwa Mweru

Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, haijulikani kwa baleti. Inajulikana kwa samaki, kwa soko la Kashikishi, na kwa boti zinazovuka kwenda visiwa vya Kilwa na Isokwe au kupitiliza hadi Kongo. Ng'ambo ya ziwa, Pweto na kwingineko, Kiswahili ni lugha ya soko, na tangu makazi ya Mantapala yafunguliwe mwaka 2018 kwa wakimbizi waliotoka huko, kimezidi kusikika upande huu pia. Lakini lugha wanayoielewa wote, Mbemba, Mlunda na Mkongomani, ni ngoma ikianza kulia. Nimeandika vidokezo hivi kwa ajili ya mtu yeyote wa mwambao huu, au wa mwambao mwingine wowote, ambaye ameona baleti kwenye simu, moyo ukamruka, kisha akajiambia kwamba umri wake umepita au mahali alipo hapafai.

1. Acha kuhesabu miaka

Kila mwaka mwishoni mwa Julai, watu humiminika Mwansabombwe, kwenye barabara ya kutoka Nchelenge kwenda Mansa, kushuhudia Mutomboko. Sherehe hii kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1971, lakini ngoma yenyewe ni ya ushindi, na inakumbusha safari ya Walunda kutoka kwa mfalme wao Mwata Yamvo, Kongo, hadi bonde la Luapula. Anayesubiriwa na uwanja mzima ni Mwata Kazembe mwenyewe, chifu mkuu wa Walunda wa huku. Anaingia akiwa na upanga na shoka, anacheza, na mwishoni anauelekeza upanga juu mbinguni kisha chini ardhini. Mwata wa sasa, wa 19, yuko kwenye kiti tangu mwaka 1998. Kwa hiyo mkoa huu hauna haja ya kuambiwa na mtu wa nje kwamba mtu mzima anaweza kucheza. Ngoma kubwa kuliko zote hapa inachezwa na mtu mzima, tena mbele ya umati.

Walimu wa baleti nao wamelielewa hilo. Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920, ina madarasa maalumu kwa watu wa miaka 55 na kuendelea, na wengi wanaojiunga hawajawahi kusimama darasani hata siku moja. Mwaka 2003 jarida la utabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee 469 wa New York, wote wakiwa wamevuka miaka 75. Kati ya shughuli za mwili zilizochunguzwa, kucheza densi pekee ndiko kulikoonekana kwenda pamoja na uwezekano mdogo wa kupata ugonjwa wa kusahau. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba densi ni dawa. Hata hivyo, mimi unanitosha kumwambia shangazi yangu asimame acheze.

2. Wanaume, msione haya

Baleti ilikuzwa na mfalme. Louis XIV wa Ufaransa alicheza jukwaani mwaka 1653 akiwa na miaka 14, amevaa vazi la jua, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kwanza cha densi cha kifalme. Wanawake wa kulipwa walipanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681 tu. Kabla ya hapo sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume. Na mwili mnao tayari: mvuvi wa Kashikishi anayevuta nyavu usiku kucha ana mgongo, mapaja na mizani ya mwili ambayo vijana wengi wa mjini huitafuta kwa miezi.

3. Ukiambiwa "hiyo ni ya Wazungu", jibu lipo

Watu wetu wamekuwa wakichukua vitu vya wageni na kuvifanya vyao kwa muda mrefu. Ngoma ya beni ilizuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita, askari na wapagazi wakaibeba hadi huku Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako iliitwa mbeni. Ikazaa kalela, ambayo asili yake inatajwa kuwa Ziwa Bangweulu, kusini mwa mkoa huuhuu. Mtafiti J. Clyde Mitchell aliiona kalela mjini Luanshya mwaka 1951. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wakiwa na "mfalme" wao, "daktari" wao, na "nesi" mmoja aliyepita katikati yao na kioo na leso ili wajitazame na kujifuta jasho. Mtu akikwambia baleti haikuhusu, msimulie habari hiyo.

4. Chagua ardhi kabla ya kuchagua hatua

Hapa tukae kidogo, kwa sababu wengi huumia kwa kosa hili. Mchanga mkavu wa juu ufukweni unavutia macho, lakini unazama, na kifundo cha mguu kinalazimika kujisahihisha kila sekunde. Teremka hadi pale mchanga ulipolowa na kushikamana. Sakafu ya saruji inafaa kwa mazoezi ya kusimama, ila usiruke juu yake. Haipunguzi kishindo cha kutua, na ugoko wako ndio utakaolipa. Ardhi iliyofagiwa na kushindiliwa, ile ya uwanja wa ngoma, ndiyo bora kuliko zote tulizo nazo bila kununua kitu.

Kuna adabu pia. Asubuhi akina mama huanika chisense, dagaa wa huku, kwenye mchanga na kwenye nyavu. Hapo si mahali pa kucheza, hata kama pamesawazika vizuri. Salimu, uliza, sogea pembeni. Na kwa kuwa ziwa lina mamba, kaa pale penye watu na boti, usiende peke yako kwenye matete.

5. Shika boti

Darasa la baleti huanza kwa kushika fimbo iliyowekwa ukutani, kimo cha kiunoni hivi. Ubavu wa boti la mbao lililovutwa nchi kavu una kimo hichohicho. Weka mkono mmoja juu yake bila kuung'ang'ania, kisha anza na mambo matatu tu.

La kwanza ni plié. Geuza vidole vya miguu nje kidogo, kunja magoti taratibu, visigino vibaki chini, mgongo wima. Magoti yaelekee kule vidole vinakoelekea. Kule kugeuka kwa miguu kunaanzia kwenye nyonga. Ukilazimisha kwa magoti, utajiumiza. Mtu aliyezoea kucheza ngoma zetu, ambazo karibu zote huchezwa magoti yakiwa yamelegea, atapata plié haraka kuliko anavyodhani. Kitakachomshughulisha ni mgongo, maana hapa hauinamishwi.

La pili ni tendu. Telezesha mguu mmoja mbele bila kuuinua, hadi ncha ya kidole gumba tu iwe inagusa chini, kisha urudishe. Kwenye mchanga mbichi mguu unaacha mstari. Utazame. Ukiwa umenyooka, nyonga imetulia. Ukiwa umepinda, umeyumba, na hakuna mwalimu atakayekuonyesha hilo waziwazi zaidi ya mchanga ule.

La tatu ni relevé, kuinua visigino ukasimama kwenye sehemu ya mbele ya nyayo, kisha kushuka polepole. Tazama alama uliyoacha: vidole vyote vitano vionekane. Kikizama kidole kidogo peke yake, kifundo chako kinaegemea nje, na huko ndiko watu wanakotegukia.

Fanya hayo kwa wiki kadhaa kabla ya kutamani mizunguko.

6. Kioo chako ni jua la asubuhi

Nchelenge iko mashariki ya ziwa. Jua linachomoza nyuma yako na kuzama majini upande wa Kongo. Ukisimama asubuhi kulitazama ziwa, kivuli chako kinalala mbele yako, kirefu na wazi. Angalia mabega: yako sawa? Kichwa kimeinama upande mmoja? Mikono imepishana kimo? Kivuli hakionyeshi kila kitu, lakini hayo matatu kinayaonyesha vizuri.

7. Muziki wa nyumbani unatosha

Mazoezi ya baleti mara nyingi huhesabiwa moja hadi nane, kisha unarudia. Kalindula, muziki wenye mizizi Luapula na uliochukua jina la gitaa la besi la kutengenezwa kwa mkono, unahesabika hivyohivyo, na unafaa sana kwa hatua za haraka za miguu. Kwa plié tafuta wimbo wa kwaya wa taratibu. Tchaikovsky, mtunzi maarufu wa muziki wa baleti, msikilize pia, kwa sababu ni mzuri, ila usimngoje ndipo uanze.

8. Mwalimu anatafutwa kwa njia nyingi

Chukua mfano wa mcheza baleti Joel Kioko, aliyekulia Kuwinda, Nairobi. Darasa lake la kwanza la baleti lilifanyika katika chumba cha shule ya umma, bila kioo wala fimbo ya kushikia, madawati yakiwa yametolewa nje. Mwaka 2016, akiwa na miaka 17, alicheza peke yake katika onyesho la baleti ya Nutcracker jijini humo. Lagos, Nigeria, Daniel Ajala alijifunza kwa vitabu na video, kisha mwaka 2017 akafungua Leap of Dance Academy nyumbani kwake. Mwanafunzi wake Anthony Madu, mtoto wa miaka 11, alirekodiwa mwaka 2020 akicheza pekupeku kwenye mvua. Video ile ilizunguka dunia, na baadaye Madu akapata nafasi shule ya baleti Uingereza.

Ukiwa na simu, basi, fuata masomo ya mwanzo ya mwalimu mmoja na umalize naye. Kuruka kutoka video hadi video hakukujengi. Na usiwapite walimu walio karibu. Banachimbusa, wanawake wanaowafunda wasichana katika chisungu, hufundisha kwa nyimbo na kwa kucheza, na wengi wao ni watu wazima sana. Mambo ya chisungu ni yao, wala hayarekodiwi na mpita njia. Lakini ukimwomba bibi wa namna hiyo, kwa heshima, akutazame unavyosimama na kusikia mdundo, atakuambia mambo ambayo simu haiyajui.

9. Viatu vya ncha vingoje

Mtoto asisimame juu ya ncha za vidole kabla ya miaka 11 au 12 hivi, tena awe na miaka kadhaa ya mazoezi ya kudumu. Mifupa ya mguu bado inakomaa. Mtu mzima naye hana haraka hiyo. Wengi hucheza maisha yao yote kwa viatu laini au pekupeku na hawapungukiwi kitu.

10. Mbu na homa

Malaria ya Nchelenge ni kali, na kila anayeishi hapa anaijua. Cheza asubuhi. Ukicheza jioni, vaa mikono mirefu, na usiku lala ndani ya chandarua. Mwili ukiwa na homa usiulazimishe. Nenda ukapimwe, ngoma itakusubiri. Oktoba, joto linapozidi, beba maji na uache kabla ya saa tatu.

11. Tumia miezi ya kufungwa ziwa

Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane. Mvua ni nyingi, usiku wa wavuvi uko huru, na boti zimelala nchi kavu. Miezi mitatu ya kufanya dakika 20 kwa siku inatosha kuubadilisha mwili wa mtu wa umri wowote: mgongo, pumzi na mizani vyote vitaonekana.

12. Msicheze peke yenu

Mtoto acheze na bibi, mke na mume, jirani na jirani. Anayecheza na mwenzake hukosa siku chache kuliko anayecheza peke yake. Na kwenu wakuu wa shule, maparoko na wachungaji wa mwambao huu: mkiombwa chumba kitupu asubuhi ya Jumamosi kwa ajili ya densi, toeni ufunguo. Sogezeni madawati nje, na mzee akija akasimama mlangoni, mkaribisheni ndani.